Siku 75 za pakiti ya nyanya zinahesabiwa kuanzia lini?

Kila mwaka baridi inapoanza kung'ata Arusha, makundi ya WhatsApp ya bustani yanajaa malalamiko yale yale. "Pakiti imeandika siku 75. Leo ni siku ya 100 na nyanya bado za kijani." Mtu wa Moshi anajibu kwamba yeye alipanda aina hiyo hiyo na ameshaanza kula. Wa tatu anasema mbegu ni feki. Wa nne anashauri wapukutishe majani ili jua liyapige matunda.

Mara nyingi mbegu haina kosa, na ushauri wa majani ni wa kuharibu kabisa. Kinachokosekana ni kujua ile 75 inahesabu nini.

Tuanze na mwanzo wa hesabu. Mahindi na maharage tunapanda moja kwa moja shambani, kwa hiyo tumezoea kuhesabu siku toka mbegu ilipoingia ardhini. Nyanya hupita kitaluni kwanza, na siku zinazoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida huanza pale mche unapohamishwa kwenda bustanini. Mwisho wake ni tunda la kwanza kuiva. Tunda moja, si ndoo. Jumlisha basi: mbegu huota kwa siku 6 hadi 10 udongo ukiwa na joto, na hadi siku 14 ukiwa wa baridi, mche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, ndipo zinakuja hizo 75. Kutoka mbegu hadi kachumbari ni siku 110 hadi 125. Aliyeko siku ya 100 toka kumwaga mbegu hajachelewa hata kidogo.

Hilo linamaliza nusu ya malalamiko. Nusu nyingine inahitaji maelezo zaidi.

Makande hayaivi kwa saa

Ukimwuliza mpishi makande yanaiva kwa muda gani, atakuuliza kwanza moto wako ukoje. Kwenye mkaa uliokolea ni jambo moja, kwenye kuni mbichi ni jambo jingine. Nyanya ni hivyo hivyo. Mmea hauna kalenda, una hesabu ya joto.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nyanya karibu hukoma kukua joto likishuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo kila siku chukua joto la wastani (la mchana na usiku kwa pamoja), toa 10, na kinachobaki ndicho mmea ulichokula siku hiyo. Tuseme aina ya siku 75 ilipimwa mahali penye wastani wa nyuzi 22. Kila siku ilipata 12, na mara 75 ni 900. Hilo 900 ndilo deni ambalo mmea lazima ulipe kabla ya tunda la kwanza kuwa jekundu.

Sasa peleka mche huo Moshi mjini mwezi Januari, wastani ukiwa karibu nyuzi 25. Unalipa 15 kwa siku, deni linaisha siku ya 60. Upeleke Arusha mwezi Julai, wastani ukiwa karibu 18. Unalipa 8 kwa siku, na 900 gawanya kwa 8 ni siku 112. Pakiti ile ile, duka lile lile la pembejeo, tofauti ya siku 52. Ni makadirio, kwa sababu aliyehamisha miche Julai atafika Septemba joto limeshapanda na ataokoa siku kadhaa. Lakini picha ndiyo hiyo.

Chanzo kikubwa cha tofauti hii ni mwinuko. Moshi mjini iko takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini takriban 1,400. Kila mita 100 unazopanda hupunguza joto kwa kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya miji hii miwili kuna nyuzi 3 hivi hata mwezi ukiwa mmoja. Ndiyo maana pia jirani wa Marangu au Kibosho, huko juu mlimani, asijilinganishe na aliyeko Majengo mjini, japo wote wanasema wako Moshi.

Hesabu hii ina ukomo wake juu na chini. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, mmea haupati faida tena, na chavua (ule unga wa ua unaotungisha tunda) inaharibika. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua inaharibika vilevile. Dalili ni ile ile pande zote: ua linachanua, linakaa siku mbili tatu, kikonyo kinageuka njano, linadondoka. Moshi ya chini linadondoka Februari, Arusha linadondoka Julai. Wengi huona maua yanapukutika wakakimbilia dawa ya wadudu.

Basi aina inayoiva mapema ina faida gani?

Ina faida, ila ndogo kuliko inavyosifiwa dukani. Hesabu majani ya mche wako toka chini hadi penye kishada cha kwanza cha maua. Aina ya mapema huweka kishada baada ya majani 6 au 7. Aina ya kuchelewa inaweza kungoja hadi jani la 10 au la 12. Kila jani huchukua siku mbili tatu kutokeza kwenye joto zuri, kwa hiyo majani manne ya ziada ni siku 8 hadi 12 za kungoja. Ongeza ukubwa wa tunda: nyanya ndogo za mviringo, zile za ukubwa wa gololi kubwa, hukomaa upesi kuliko nyanya ya gramu 150. Ukijumlisha yote, aina ya mapema inakuokolea kama wiki mbili. Joto, kama tulivyoona, linaweza kukupa au kukunyang'anya mwezi na nusu.

Kuna mkanganyiko mwingine wa maneno hapa. Aina fupi hukua hadi kimo fulani, huweka kishada kwenye ncha na kusimama. Matunda yake huiva karibu kwa pamoja. Roma, Rio Grande na Cal J ni za kundi hili. Tanya, iliyotolewa na watafiti wa kilimo wa Tengeru, karibu na Arusha, mwaka 1997 pamoja na Tengeru 97, nayo ni fupi, na ganda lake gumu ndilo lililoipendesha kwa wanaosafirisha. Aina ndefu kama Moneymaker huendelea kurefuka na kuzaa kidogo kidogo kwa miezi. Fupi si lazima iwe ya mapema, ingawa mara nyingi huwa hivyo. Kwa bustani ya nyumbani ningechanganya: miche minne mifupi kwa ajili ya kuanza kula, miwili mirefu kwa ajili ya kuendelea.

Na F1? Maana yake ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti waliovushwa, yaani chavua ya baba ilipelekwa kwenye ua la mama kwa mkono. Haimaanishi mapema, wala haimaanishi mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Kuna F1 za mapema na F1 za kuchelewa. Inachomaanisha kwako ni kwamba ukitoa mbegu kwenye tunda lake na kupanda, watoto hawatafanana: mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja anazaa, mmoja anasuasua. Roma, Cal J au Tanya unaweza kuziwekea mbegu, mradi uchukue kwenye mmea mzima usio na ugonjwa.

Kukoleza mkaa

Kama joto ndilo deni, kazi ya mkulima wa nyuma ya nyumba ni kuukoleza mkaa pale penye baridi, na kuupunguza pale penye joto kali. Mahali pa kupanda ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ndipo watu hawafikirii. Sisi wa Arusha na Moshi tuko nyuzi 3 hivi za latitudo kusini mwa ikweta. Kati ya Juni na Agosti jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, siyo utosini. Ukuta wa bloku unaotazama kaskazini hupigwa jua miezi hiyo na kulirudisha joto jioni. Ukuta unaotazama kusini unakaa kivulini na ukungu wa kijani juu yake. Bustani ya Sakina au Njiro, hapo Arusha mjini, iliyo kaskazini mwa nyumba inaweza kuitangulia kwa siku nyingi ile iliyo kusini mwa nyumba hiyo hiyo. Desemba mambo yanageuka.

Ndani ya kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, shida ni tofauti. Chini ya migomba na miparachichi nyanya hurefuka, hukonda, na hutoa majani tu. Inahitaji angalau saa 6 za jua la wazi. Kama huna pa wazi, tumia ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini na uziweke barazani penye jua. Ndoo nyeusi hupata joto haraka, jambo jema Ngaramtoni kwenye baridi na baya Moshi ya chini.

Nyasi kavu za kufunika udongo nazo zina nafasi yake. Hufanya udongo ubaki na ubaridi na unyevu. Moshi mwezi Januari, funika siku ile ile uliyohamisha. Arusha mwezi Julai, acha udongo wazi upigwe jua, funika baada ya kishada cha kwanza kufunga matunda. Udongo wa baridi una dalili ambayo inatisha bure: chini ya majani ya mche kunakuwa zambarau. Siyo ugonjwa. Mizizi iliyopoa haivuti fosforasi vizuri, na udongo ukipata joto rangi huondoka.

Kitaluni, zika mbegu kina cha sentimita 1, mstari hadi mstari sentimita 10, na mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni penye baridi unakaribisha kinyausi: mche unakatika shingo usawa wa udongo na kulala. Miche ikibanana nayo huota mirefu na dhaifu, na mche wa namna hiyo unapoteza wiki nzima baada ya kuhamishwa. Usingoje uwe mkubwa ukidhani unawahi. Mche wenye majani 4 hadi 6, shina nene kama penseli, utaupita mche mrefu wenye maua tayari, kwa sababu huu wa pili mizizi yake imeshabanwa. Siku 7 kabla ya kuhamisha punguza maji na uuache nje mchana kutwa.

Siku ya kuhamisha chagua jioni au siku ya mawingu. Shimo liwe na makopo mawili ya nusu lita ya samadi iliyooza na kijiko kimoja cha chai cha DAP (mbolea ya kupandia), vichanganywe na udongo vizuri ili mbolea isiguse mizizi. Zika shina hadi karibu na majani ya chini. Sehemu iliyozikwa itaota mizizi. Nafasi ni sentimita 60 kwa 50. Baada ya wiki 3 weka kijiko kimoja cha chai cha CAN (mbolea ya kukuzia), kwa duara, kiganja kimoja mbali na shina.

Hapo ndipo wengi huharibu. Mmea unaonekana mzuri, wanaongeza urea au samadi mbichi ya kuku uwe mzuri zaidi. Naitrojeni nyingi kabla ya matunda ya kwanza inauambia mmea kwamba neema ipo, hakuna haraka ya kuzaa. Utapata kichaka cha kijani kibichi cha kupendeza picha, na maua wiki mbili baadaye.

Machipukizi ya kwapani, yanayotokea kati ya jani na shina, yang'oe kwenye aina ndefu yakiwa hayajapita urefu wa kidole, ubaki na shina moja au mawili. Kwenye aina fupi ng'oa yale ya chini ya kishada cha kwanza tu. Ukiendelea juu yake unang'oa mazao yenyewe. Aina ndefu ikishafunga vishada vinne na mvua zinakaribia, kata ncha ukiacha majani mawili juu ya kishada cha mwisho. Chakula kinashuka kwenye yaliyopo.

Maji yawe ya kila siku na ya kipimo kinachofanana, lita 1 hadi 2 kwa mmea uliozaa, mizizini, si kwenye majani.

Tunda la kwanza kuwa jekundu

Linaweza kukudanganya. Lishike uligeuze. Kama kitako kina baka jeusi au kahawia lililobonyea kama ngozi kavu, hilo limeiva kwa sababu linaugua. Kuoza kitako kunatokea kalsiamu isipofika mwisho wa tunda, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni tele. Kilichokosekana ni maji ya kuisafirisha, kwa sababu uliacha pakauka siku tatu kisha ukafurikisha. Ng'oa matunda hayo, sawazisha umwagiliaji, na vishada vinavyofuata hutoka salama.

Turudi kwa yule aliyeshauri kupukutisha majani. Tunda la nyanya halihitaji jua kuiva, linahitaji joto. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari inayoingia ndani yake. Ukiyavua, tunda lililozoea kivuli linapigwa jua la adhuhuri na kupata baka jeupe, laini, ambalo baadaye huoza. Tena juu ya nyuzi 30 rangi nyekundu haitengenezwi ipasavyo. Nyanya za Moshi ya chini mwezi Februari hubaki za rangi ya chungwa hata zikiwa zimeiva. Ondoa majani ya chini tu, yanayogusa udongo au yenye madoa.

Toka ua kushika hadi tunda kuiva ni siku 45 hadi 55 kwenye joto zuri. Katika wiki za mwisho tunda limeshafikia ukubwa wake na linaonekana kama limegoma. Ukitaka kujua lilipofika, toa moja sadaka na ulikate katikati kwa kisu kikali. Kisu kikikata mbegu vipande viwili, bado changa na haliwezi kuiva nje ya mmea likawa na ladha. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ute zisikatike, limekomaa, na wenzake wa kishada hicho wataiva hata ukiwachuma.

Kuiva kwa nje ni elimu ambayo Wachaga na Wameru wanayo tangu zamani kwenye ndizi: kuvundika. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huamsha uivaji wa tunda lililo jirani, pamoja na nyanya. Chuma nyanya zilizoanza kupiga rangi kidogo kitakoni, zipange kwenye boksi la karatasi na ndizi mbivu mbili, funika kwa gazeti bila kuziba hewa. Kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi zitakuwa nyekundu ndani ya siku 5 hadi 7. Boksi likae jikoni, si kwenye friji: chini ya nyuzi 12 uivaji unasimama na ladha hupotea. Kwa hiyo dawa za kuivishia zinazosimuliwa sokoni huna haja nazo nyumbani.

Mapema kuliko nini?

Aina nyingi za mapema zilizalishwa kwa ajili ya nchi ambako barafu huua mmea. Sisi hatuna barafu. Tunachokimbia ni masika na bakajani chelewa, ule ugonjwa unaobabua majani na kuacha mabaka ya kahawia kwenye matunda ya kijani ndani ya siku chache, majani yakiwa yamelowa na joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Ukungu wa asubuhi wa Juni chini ya Meru ni kama umeagizwa kwa ajili yake.

Arusha, basi, mwaga mbegu mwishoni mwa Julai penye kinga ya baridi, hamisha mwanzoni mwa Septemba, na mmea utalipa deni lake joto likipanda, utakula Novemba. Zamu ya pili mwaga mwishoni mwa Novemba, hamisha mwanzoni mwa Januari, uanze kuchuma katikati ya Machi kabla masika hayajakaza. Hapo ndipo zile wiki mbili za aina ya mapema zina thamani ya kweli, kwa sababu ndizo zinazoamua kama utachuma kabla ya mvua au katikati yake. Moshi mjini geuza kalenda: mwaga Mei, hamisha Juni mvua zikipungua. Baridi ya Julai ya Moshi, karibu nyuzi 21, kwa nyanya siyo baridi, ni raha.

Zamu yoyote utakayochagua, kagua majani kila wiki kutafuta kantangaze, nondo ambaye kiwavi wake huchimba njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda karibu na kikonyo. Hapa nchini alirekodiwa kwanza Ngarenanyuki, mkoani Arusha, mwaka 2014. Kwenye miche sita unaweza kumtoa kwa mkono: chuma jani lenye njia hizo, litie kwenye mfuko uliofungwa na uliache juani, usilitupe kwenye shimo la mboji.

Na masika yakikukuta na vishada vya kijani, fanya jaribio la kisu, vundika yaliyokomaa, na yale machanga yakate vipande uyakaange na vitunguu na pilipili.